Pishi Mbili za Mtama

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na ingawa meno yangu sasa ni ya kuhesabika, nikiikumbuka bado naona aibu. Nakuona unavyokariri habari za nchi ya watu ili wakubwa wake wakuulize, wakupe uraia. Hata mimi niliulizwa, zamani za Mjerumani, hapa hapa Mazingara kwa Wazigua. Nikajibu yote. Tena hilo la kujibu yote ndilo nusura lituangamize, mimi na mama yangu.

Sisi asili yetu Unyamwezi. Baba alikuja kukata mkonge katika shamba la Wajerumani kule Mazinde, akafa kwa homa kabla hajamaliza siku zake za kazi. Nyapara akamwambia mama kwamba siku zilizobaki tutazimaliza sisi. Mama alikuwa anakohoa, hata panga hawezi kulinyanyua. Tukatoroka. Tulivuka mto pale Korogwe, tukatembea mpaka miguu ikavimba, tukapokelewa hapa na mjane mmoja, Bibi Mwanaidi, mwenye moyo wa huruma na mdomo usio na kifuniko.

Siku zile mgeni akitaka kukaa aliitwa mbele ya wazee. Aliulizwa nani alifyeka msitu wa kwanza hapa, makaburi ya wakubwa yako wapi, mkwe anapishwaje njiani, ukoo gani hauli nini. Ukijua, unaitwa mwenzetu, na askari akija kukutafuta jumbe wa kijiji atamwambia, "Huyu ni wetu," naye ataondoka. Usipojua, unapewa chakula cha njiani na kwaheri. Kwetu sisi njia ilikuwa moja tu, kurudi Mazinde, na nilijua mama hatafika hai.

Basi nikajifunza kama mwendawazimu. Natwanga mahindi, nataja mababu wa watu. Nachota maji, nataja mababu wa watu. Nikilala naota nimesahau jina moja. Bibi Mwanaidi alinifundisha yote, ya barazani na ya uvunguni, na mimi, msichana wa miaka kumi na sita, sikujua kuyatenga.

Siku ikafika. Mama aliketi nyuma yangu akijizuia kukohoa. Aliyeuliza alikuwa Mzee Mhina, mkubwa wa wazee, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Lakini siku hiyo alinitania, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara.

"Haya, mtani. Kubeba mizigo mmezoea. Leo tuone kama utaweza kubeba na mababu zetu."

Watu wakacheka. Nikawabeba, mwanangu, mmoja baada ya mwingine, na makaburi yao, na miiko yao, nikaona wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Akauliza kama ninalo la kuongeza. Ningesema sina, yangekwisha salama. Lakini hofu haishibi. Nikaona niongeze moja, ili pasiwe na wa kunikataa.

"Ninalo, babu. Na mama yako wewe aliletwa hapa mtoto mdogo, mwaka wa njaa, akabadilishwa kwa pishi mbili za mtama."

Wazee wakatazamana. Nyuma yangu mama akaanza kukohoa. Kumbe hapa kila mtu anajua nani aliletwa na njaa, na hakuna anayesema. Mtu akishapokelewa, asili yake haichimbuliwi. Hiyo ndiyo mila kubwa kuliko zote, na haikuwamo katika maswali.

Mzee Mhina akauliza, "Nani kakwambia?"

Bibi Mwanaidi alikuwa pale pale kati ya wanawake, ameziba mdomo kwa kiganja. Nikimtaja, nimemharibia kwao.

"Nimesahau, babu. Ni jina hilo moja tu lililonitoka."

Akaniangalia. "Mjukuu wangu, habari zetu umezijua zote. Watu wenyewe hujawatazama usoni. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nendeni. Jibu mtalipata Ijumaa, baada ya swala."

Siku hizo za kungoja nilikwenda kumwomba Mzee Mhina radhi, nikapiga magoti mlangoni pake. Akaitikia shikamoo yangu, akaendelea kusuka kamba. Na Ijumaa haijafika, akaja askari pamoja na yule nyapara wa Mazinde. Nyapara akatunyooshea kidole. "Ndio hawa."

Jumbe akasita. Jibu la wazee lilikuwa bado, na kumdanganya askari wa Mjerumani malipo yake ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya matakoni mbele ya watu wote. Mama alikwishaanza kufunga kibwebwe chake kwa safari. Hapo ndipo Mzee Mhina aliposimama, taratibu, akiegemea fimbo.

"Askari, mama yangu mimi aliletwa hapa mtoto, mwaka wa njaa. Alibadilishwa kwa pishi mbili za mtama." Alisema kwa sauti, mbele ya wanawe na wajukuu zake. "Alitoka bara, Unyamwezi. Hawa ni ndugu zake, wamenifuata. Ukiwachukua, nichukue na mimi."

Askari akamgeukia jumbe. "Kweli?"

"Habari ya pishi mbili kila mtu hapa anaijua," jumbe akajibu.

Askari akaona hakuna mzee anayejitungia aibu ya namna ile. Wakaenda zao, nyapara akinung'unika njia nzima. Mimi nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa furaha.

Mama alikaa hapa miaka mitatu, na kaburi lake liko pamoja na yale niliyoyakariri. Kama mama yake Mzee Mhina kweli alitoka kwetu, mpaka leo sijui. Sikumuuliza.

Kwa hiyo soma, mwanangu, kuuliza si ujinga. Jua tarehe zao na bendera yao. Lakini ukishayajua ya watu, jua na ya kuwasitiri, na ukitamani kuonekana hodari, kumbuka yuko mtu mbele yako anayesikia. Unaweza kujibu kila swali ukabaki mgeni.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe pa kukaa, akupe na mtu wa kusimama aseme huyu ni wangu. Na siku mgeni atakapokuwa mbele yako anatetemeka, akujalie usimame wewe. Amina.