Nilikata Mtupa wa Bi Atija, Nikanyamaza

Nimekosa. Shetani simtaji, maana siku ile panga sikushikiwa na mtu. Nilishika mwenyewe.

Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana naweza kukwambia. Mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlilia baba. Nikaacha shule darasa la sita nikashika jembe. Wadogo zangu hawajawahi kwenda kuomba kwa mtu. Hilo nilijivunia mno, na ndilo lililoniponza.

Shamba letu liko kwenye mteremko wa kushukia Ruvuma. Fuko walikuwa wanakula mihogo chini kwa chini mpaka nikawa navuna mashimo. Jirani yangu Bi Atija, mjane aliyehamia kwetu kutoka ng'ambo, upande wa Msumbiji, akanipa mbegu za mtupa. Tukapanda pamoja kuzunguka mihogo, na katikati ya mipapai na mbaazi. Ni kichaka tu, kinazidi kidogo kimo cha mtu, kina maua meupe na mengine zambarau. Lakini weee! Fuko wakahama, udongo ukanona, wapita njia wakawa wanasimama kutazama.

"Majani yake tandaza chini ya mihogo," aliniambia. "Kwenye maji usiyatie. Samaki anakufa na watoto wake wote."

Nilimwelewa vizuri. Sikukosa kwa kutojua!

Ukafika mwaka wa mdogo wangu Somoe kuchezwa unyago. Huku kwetu siku mwali anapotoka, wageni wanakula kwako, na wanachokula kinasemwa mpaka masika. Wanawake waliniuliza kisimani, "Mama mwali, utatupa nini?"

"Samaki," nikajibu.

"Samaki! Wa kuchora ukutani?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kile kilinichoma. Sasa, mto ukipungua huacha bwawa bondeni. Haruhusiwi mtu kuligusa mpaka wanawake wakubaliane siku, waingie wote na matenga yao, kila nyumba ipate kitoweo. Siku hiyo ilikuwa bado. Mimi sikuweza kungoja.

Mtupa wangu ulikuwa umejaa maua na nilitaka mbegu zake. Nikaenda kwa Bi Atija nikamwomba majani, nikasema ya kutandaza kwenye mihogo.

"Kata, mwanangu. Kata mpaka uchoke, nani atanigombeza humu?"

Nikaukata ua wake wote wa mtupa nyuma ya nyumba. Akanisaidia hata kufunga mizigo!

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nikashuka bondeni na majani yale, nikayatia bwawani. Nilitaka kuwalevya samaki wachache tu. Nikaopoa kambale wanane, nikawabanika, nikasema nimenunua kwa mtu aliyetoka Kilambo, kule kivukoni. Kesho yake Somoe akatoka, amepakwa mafuta anameremeta, wageni wakala wakalamba vidole. "Yatima huyu kiboko!" walisema. Nami nikavimba kichwa.

Jumapili harufu ikapanda kutoka bondeni.

Bwawa lote lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Wakubwa, wadogo, hata wale wa ukubwa wa kucha. Kitoweo cha kijiji kizima! Wanawake walisimama na matenga matupu, wengine wanalia. Mmoja akaokota jani ukingoni, akasema, "Mtupa huu."

Wakaja kwangu kwanza. Mtupa wangu umesimama na maua yake, haujaguswa. Wakaenda kwa Bi Atija wakakuta vigutu.

"Umekata wa nini?" mwenyekiti wa kijiji akamuuliza.

"Wa kutandaza."

"Umetandaza wapi?"

Bi Atija akanitazama. Hakunitaja, alinitazama tu, akaningoja. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, Somoe yuko pembeni yangu na khanga mpya. Nikawaza: nikisema, wadogo zangu wataitwa ndugu wa mwizi wa bwawa maisha yao yote. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Akageuka kwa mwenyekiti. "Nimesahau, baba," akasema.

"Wageni ndivyo walivyo!" mtu akapaza sauti. Wakampa siku mbili. Alibeba godoro na sufuria zake, akavuka mto.

Siku ile jioni Somoe aliniuliza, "Dada, majani uliyobeba kwa Bi Atija yako wapi? Kwenye mihogo hayapo." Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Mimi nimetoka mwali, Bi Atija ametoka kijijini." Tangu hapo akinipa chakula anakiweka chini, anaondoka.

Nimekwenda Kilambo mara mbili kumuulizia Bi Atija kwa wenye mitumbwi. Hawamjui.

Na adhabu yangu sikia ilivyokuja. Sikufukuzwa, nilisifiwa! Bwana shamba alileta watu, akasema shamba langu ni la mfano. Sasa kila baada ya muda wanakuja wageni, nawapitisha kati ya vichaka, nawaeleza habari za fuko na rutuba. Mama mmoja akaniuliza, "Mbegu ulipata kwa nani?"

"Aliniachia mama," nikajibu. Nimemsingizia hata marehemu!

Kuung'oa siwezi, wataniuliza kwa nini. Kuhama siwezi, wadogo wanakula humu. Unachanua kila mwaka, nami nasimama katikati ya maua natabasamu, na wanawake wale wale wananipa mkono huku wakimlaani Bi Atija. Wiki hii wamekubaliana kwamba mgeni yeyote kutoka ng'ambo asipewe tena kiwanja kwetu. Waliniomba na mimi niunge mkono.

Niliunyoosha.

Ndugu yangu, wewe unayelea wadogo zako, usidanganyike kwamba unanyamaza kwa ajili yao. Mimi nilidhani namkinga Somoe, kumbe yeye ndiye wa kwanza kunijua. Ukikosa, sema siku ile ile, hata wakikuzomea. Watakuzomea, ndiyo. Lakini usimwache mtu akutazame akungoje, nawe ukainama. Mimi niliinama mara moja tu, na mpaka leo sijaweza kuinua kichwa mbele ya mtoto niliyemlea.