Palme za Baba Mkwe

Mwone Magloire akiingia mtaa wa Panda Jumamosi asubuhi. Pikipiki imemteremsha penye nyumba za matofali zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Ana miaka thelathini na moja, lakini mwone anavyopangusa viatu kwa nyuma ya suruali kabla ya kubisha, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mlango ule ni wa baba mkwe wake, na mlangoni pa baba mkwe hata vumbi lina maneno.

Siku hiyo alikuwa na furaha. Alikuwa amepata kazi katika kikosi cha wazamiaji wanaosafisha bwawa la umeme upande wa ziwa Tshangalele. Kazi yenyewe ni hii: maji huingia kwenye mashine kupitia madirisha makubwa yenye nondo, na magugu ya ziwani huja kuyaziba. Mtu hushuka na chupa ya hewa mgongoni, akayang'oa kwa mikono. Dirisha linalosafishwa hufungwa, lakini la jirani huendelea kunywa maji, na mvuto wake unakufikia hapo ulipo.

Magloire alijifunza kuzamia katika mashimo ya zamani ya mgodi kule Kakanda, kwenye maji yaliyotulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Mkondo hakuujua. Kikosi kilimpa chupa na nguo. Palme, yale mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, kila mmoja alijitafutia zake, kwa kuwa miguu ya watu haifanani. Ndiyo maana alikuja kwa mzee Évariste, aliyeifanya kazi hiyo hiyo miaka kumi na saba.

Mzee aliingia chumbani, akatoka na jozi ya palme nyeusi, fupi, pana, zenye mikwaruzo pembeni.

"Mukwe, angalia muzuri. Palme ya mukondo hatuchagulaka na macho. Unaikamata hivi, unaikunja. Kama inakunjika sawa karatasi, rudishia mwenye duka. Hii, ona, inagombana na mukono. Njo ile inatakiwa. Tena isikuwe murefu, nondo itaikamata. Na unaijaribu na botini ya maji, hapana na muguu mutupu." Akazisukuma mbele. "Chukua. Minye sina kazi nazo tena."

Magloire aliziangalia. Akajiona mbele ya wenzake, akitembea nazo pat-pat-pat kama bata. Akili yake ilikwisha kwenda Lubumbashi, kwenye duka alikoona jozi ya buluu, ndefu, laini, inayong'aa. Angesema tu, "Papa, ninapenda mpya," na asingekufa. Lakini mdomo hutafuta njia nyepesi, na wake uliipata kwenye desturi.

"Papa, pardon," alisema, kichwa chini. "Fasi miguu yako iliingia, minye mukwe naweza kuingiza yangu namna gani? Ni mwiko."

Kwa familia zilizotoka mkoa wa Kasai, kama zao, neno hilo likisemwa, mjadala umekwisha. Mkwe hakalii kiti cha baba mkwe, hali naye sahani moja, havai alichovaa. Lakini mwaka mmoja nyuma Magloire alirudi nyumbani na koti la mvua la mzee huyo huyo, alilopewa na mama mkwe kwa siri, na hakukumbuka mwiko wowote.

Mzee alimtazama. Macho yakamlowa.

"Bantu sawa weye baliisha," alisema, yaani wenye heshima kama hiyo hawapo tena, akizifunga palme zake kwa kitambaa.

Nje ya uzio Magloire alimpigia simu rafiki yake, akicheka: "Mon vieux, alitaka kunivalisha viatu ya bata!" Upande wa pili wa uzio, mkewe Laure, aliyekuja mapema kumsaidia mama yake, alikuwa akianika nguo. Alisikia yote. Akaendelea kuanika.

Siku ya majaribio, mkubwa wa kikosi, Joachim, aliichukua palme moja ya buluu, akaikunja kwa vidole viwili.

"Hii ni ya kuogelea, ao ya kupepea makala ya jikoni?"

Wote wakacheka, Magloire akacheka nao. Joachim akamfunga kamba kiunoni, akamwambia asivuke dirisha la pili.

Hakufika hata la pili. Alipiga miguu, palme zikapinda kama majani ya ndizi, zikapinda tena. Ukuta ulio kando yake haukusogea. Akaongeza nguvu, pumzi ikaanza kumwisha mbio. Msuli wa mguu ukakaza. Mara akahisi anarudi nyuma, polepole, kama mtu anayevutwa shati na mtu asiye na haraka. Ncha ya palme moja ikaingia katikati ya nondo, ikang'ang'ania humo. Akavuta. Magugu yakamfunika uso. Kwa muda huo hakuwaza Mungu wala mke. Aliwaza mpira mweusi ulioviringishwa kwenye kitambaa kule Panda.

Kamba ilivutwa bila kumtoa, ndipo Joachim aliposhuka mwenyewe na palme zake fupi, ngumu. Akaufungua mkanda wa kisigino, akamtoa, ile palme ya buluu wakaiacha huko chini.

Juu ya mtumbwi, Magloire akitetemeka, Joachim alifoka: "Na zile za mzee Évariste? Alinipigia simu, akasema atakupatia!"

Hapo palikuwa na mlango wa pili wa kusema kweli, nao ulikuwa wazi kabisa.

"Chef... ni baba mukwe. Ni mwiko."

Wanaume waliokuwa wamemcheka wakainamisha vichwa kwa heshima. Mmoja akavua shati lake akamfunika mabega. Magloire alilivuta shati lile, na likamchoma mwili mzima.

Habari ilifika Panda kabla yake. Jumapili baada ya misa mzee aliita ukoo, kuku wawili wakachinjwa. Watu walipokwisha kukaa, Évariste alisimama, akavua kofia.

"Minye njo nilikosa. Nilipatia mukwe kitu ya miguu yangu, na desturi najua. Yeye alikubali maji imubebe kuliko kunivunjia heshima. Mutoto wangu, unisamehe."

Mzee wa miaka sabini na mbili, kofia mkononi, mbele ya watoto na wajukuu. Mama mkwe alijifuta machozi kwa kitenge. Laure, aliyekuwa akigawa bukari, ugali wa kwao, aliweka sahani chini, akamtazama mumewe.

Magloire alisikia ulimi wake ukisema, "Hakuna kitu, Papa. Ilipita." Watu wakapiga makofi.

Njiani Laure alisema mara moja tu: "Niko na masikio, Magloire. Lakini si minye nitasema."

Imepita miaka miwili. Magloire alijinunulia palme fupi, ngumu, na sasa vijana wa kikosi humwuliza yeye jinsi ya kuchagua. Huikunja, huwaonyesha, husema maneno ya mzee neno kwa neno, bila kutaja alikoyatoa.

Na Évariste anasimulia. Anasimulia kwenye vilio vya misiba, anasimulia baada ya misa. Magoti yamemwishia, hutembea kwa kushika ukuta, lakini akifika pale pa "mukwe wangu alikatala," mgongo unanyooka.

Sasa Fidélie, mdogo wake Laure, anaolewa na Banza. Jumamosi hii koo mbili zinakaa pamoja, na mzee ameomba jambo moja: Magloire asimame mwenyewe, amweleze Banza kwa kinywa chake namna mkwe anavyomheshimu baba mkwe. Laure atakuwa ameketi mstari wa mbele. Tangu apewe ujumbe huo Magloire hali vizuri. Akisema kweli, atamvua mzee nguo mbele ya wageni. Akimwendea kabla, wawili tu, atamnyang'anya kile kinachomnyoosha mgongo. Akirudia uongo, atamfundisha Banza kuuvaa.

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, kama Magloire angekuinamia sasa hivi akuombe neno moja tu la kwenda nalo, ungempa lipi?