Meli ya Agosti na Meli ya Desemba

Picha za meli ziliingia kwenye simu yangu nikiwa cherehanini, naunga kola za sare za shule. Mwenyekiti wa chama chetu ndiye aliyezituma. Sisi ni wanawake wa mtaa mmoja hapa Nakuru. Tulianza kwa kununuliana sufuria, tukaja kununuliana matangi ya maji, na mwaka huu tukaamua kwamba kabla magoti hayajatukataa kabisa, tutakwenda kulala baharini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda meli. Maji mengi tunayoyajua ni ya ziwa letu, lililofura likaingia kwenye nyumba za watu, na hayo hatuyaendei likizo.

Meli zilikuwa mbili, zote zinaondokea Mombasa. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kwenda Unguja na kurudi, na ilikuwa inaondoka Agosti. Ya pili ilikuwa kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, ya kuzunguka visiwa vya mbali, na ilikuwa inaondoka Desemba. Tulikuwa Juni. Mwenyekiti aliandika kwamba kila mtu azitazame vizuri, tutaamua Jumapili ya pili baada ya kanisa.

Tulizilinganisha kama watu wanaonunua ng'ombe. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Kabazi aliuliza kama melini chai ni ya maziwa au ya rangi, na alipokosa jibu akasema atabeba maziwa yake. Mwingine, mwenye kibanda cha chakula Mai Mahiu, ambaye amelisha madereva wa malori tangu ujana wake, alitaka kuona jikoni kabla ya kuona chumba cha kulala. Mimi ni fundi wa nguo, nikatazama nguo. Niliikuza picha kwa vidole mpaka nikaona mishono ya majaketi ya kuokolea. Ya meli kubwa yalikuwa yamepigwa mshono mara mbili mabegani. Mapazia ya ile ndogo yalikuwa mafupi, mapindo yake membamba ya kuibia kitambaa. Nikaandika kwenye grupu: "Watu wa kushona pazia hivi, meli ikitoboka wataziba aje?" Wakacheka siku nzima.

Mapazia yalikuwa kisingizio. Nina kansa ya titi. Naiandika hivyo, wazi, kwa sababu kwenye chama hakuna anayeitamka. Wao husema "ile maneno yako." Wakija kunitazama husema nimependeza, nimepungua vizuri, hata gauni linanikaa. Nilikuwa nimepungua mpaka pete ya ndoa naivaa kwenye kidole gumba.

Nilitaka meli ya Desemba, na nilikuwa na sababu ya kuitaja mbele za watu. Daktari alikuwa ameniambia dawa ya kuingizwa mshipani itaisha Novemba, halafu tutaona. Agosti ningekuwa katikati ya dawa, natapika hata kwenye ardhi kavu. Desemba ningekuwa na nywele. Sababu ya pili sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka watu wapange jambo la mbali na mimi niwe ndani yake. Tangu nilipougua, kila kitu kinachonihusu kilikuwa cha haraka. Binti yangu alikuwa ameivuta harusi yake kutoka mwaka ujao hadi Aprili mwaka huu, akasema ni kwa sababu ya mvua. Mtu gani anakimbilia Aprili kwa sababu ya mvua? Nilicheza kwenye harusi hiyo, nikarudi nyumbani nikalia nikiwa nimeuma taulo ili wasinisikie.

Wiki ile ya kuelekea Jumapili, wanachama walianza kuja kwangu, mmoja mmoja. Kwetu hatuendi kwa mtu mikono mitupu, sembuse kwa mgonjwa. Kila mmoja alikuja na sukari, mkate na mafuta ya kupikia, mpaka kabati langu likajaa kuliko duka la pale chini. Tulikuwa tukinywa chai, na chai ikifika nusu kikombe, mgeni anaisifu meli ndogo.

"Lakini Fundi, hiyo kadogo haina ngazi mob, ni chache tu," alisema mmoja.

"Na nimesikia iko na daktari ndani," akasema mwingine siku iliyofuata.

"Mi huona vitu za mbali zinachosha. Si hata Unguja ni bahari tu?"

Siku ya nne nikaelewa. Walikuwa wamekwisha kukubaliana. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwenye chama: neno linapita nyumba hadi nyumba kwanza, na siku ya mkutano tunakuja kulitia muhuri. Nyumba zote zilikuwa zimepitiwa, na neno lenyewe lilikuwa mimi. Damu ilinichemka. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema ufanyeje wakikufaa wote kwa pamoja mpaka ukose hewa.

Mtu pekee ambaye hakuja kuisifu meli ndogo alikuwa jirani yangu. Tunatenganishwa na ukuta mmoja wa mawe, na kwa muda mrefu sana tumeitana jirani tu, mpaka ndilo limekuwa jina. Yeye ndiye aliyeninyoa kichwa nywele zilipoanza kubaki kwenye mto. Ndiye anayenishikia beseni. Nilijiambia: huyu yuko upande wangu, na wawili si mmoja.

Jumapili tulikutana kwa mwenyekiti. Sofa zilikuwa zimepelekwa uani ili tupate nafasi, kwa sababu sisi hatupigi kura ya karatasi. Tunapiga mlolongo. Unachokitaka, unasimama nyuma yake, mchana kweupe, kila mtu akuone. Na mlolongo ukishahesabiwa, walioshindwa wanavuka upande wa pili, tunashikana mikono, na katibu anaandika kwamba tumeamua kwa kauli moja. Sheria hiyo hatujaiandika popote, lakini ndiyo imetuweka pamoja wakati vyama vingine vikivunjika na watu wakinyimana salamu sokoni.

Picha ya meli ya Agosti ilikuwa imebandikwa karibu na mlango, ya Desemba karibu na televisheni. Tukaomba. Mwenyekiti akasema, "Haya wamama, mjipange."

Nilikwenda moja kwa moja kwa ile ya Desemba. Nilisimama nikaitazama picha, ghorofa zake zote na vidimbwi vyake vya kuogelea vya bluu, nikisubiri kusikia miguu nyuma yangu. Nilisikia miguu mingi, ikielekea mlangoni. Nilipogeuka, wote walikuwa kule, wamepangana vizuri kama watoto wa shule. Jirani yangu alikuwa katikati, anatazama sakafu.

Siwezi kueleza uchungu ule. Kansa yenyewe haijaniuma vile.

"Fundi, ni wewe tunangojea," mwenyekiti alisema kwa upole, akinyoosha mkono. "Kuja tushikane, halafu tukunywe chai."

"Sivuki," nikasema.

Walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha wangu wa kawaida. Sikucheka. Mtu akaniletea kiti. Nikakisukuma kwa mguu, na nguvu nilizotumia zilinifanya nione giza, lakini sikukikalia.

"Si tunakufikiria wewe, dada," mwenyekiti akasema. "Hakuna mtu ako na ubaya."

"Najua mnanifikiria. Mtanipeleka Agosti, mnikalishe katikati, mnipige picha nikicheka na upepo. Na mimi najua hizo picha zinaenda wapi. Zinaenda kwa kile kijitabu cha mazishi, ukurasa wa nyuma, pale mnaandikanga vile marehemu alipenda kusafiri."

Yule wa Kabazi alifunika mdomo kwa leso. Katibu alikuwa ameshika kalamu na hajui aiweke wapi. Nilikuwa nimelitamka lile ambalo chama kizima kilikuwa kimelizunguka kwa sukari na mikate, na nilitamani kulirudisha kinywani. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu.

Ndipo jirani alipotoka kwenye mlolongo. Kwa desturi yetu, mtu akikataa kuvuka, mwandani wake huja kumshika mkono na kumvusha, na hapo ni lazima uende, la sivyo umemwaibisha. Alikuja mpaka mbele yangu. Akaushika mkono wangu, lakini hakunivuta. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jirani," alisema, na chumba kizima kikasikia, "na usipofika Desemba?"

Miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Si mume wangu, ambaye siku hizi husali kwa sauti ya chini nikiwa karibu. Si binti yangu. Hata daktari huniambia tutaona. Swali lilinipiga kifuani, na palepale nikahisi, sijui niseme vipi, kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Nisipofika, mtaenda bila mimi," nikamwambia. "Lakini mtakuwa mmeningojea. Mgonjwa hangojewi, jirani. Mgonjwa huwa anawahiwa tu. Kila mtu ananiwahi. Mimi nataka kungojewa."

Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni na sikuyafuta. Alinitazama akiuma midomo kama anavyofanya anapopiga hesabu za biashara yake. Kisha akauachilia mkono wangu, akanizunguka, akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake shingoni, pale ambapo zamani palikuwa na nywele.

Tukasubiri. Nilidhani wengine watafuata. Nilimtazama yule wa Mai Mahiu, nikamtazama yule wa Kabazi, mmoja baada ya mwingine, nao wakatazama pembeni. Sikuwachukia. Walikuwa wanataka kuniona baharini wakati wana hakika bado nipo hai. Hakuna aliyesogea.

Mwenyekiti alikohoa. "Kwa hivyo itakuwa Agosti," alisema. "Na hao wawili?"

"Niandike ni kauli moja?" katibu aliuliza.

"Usiandike uongo," jirani alijibu kutoka nyuma yangu. "Andika wawili wamebaki kwa Desemba."

Chai ililetwa, ikanywewa na watu waliosimama, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kurudisha sofa ndani. Bado nilikuwa nimekikataa kiti, na jirani akanishika kiuno nisianguke. Aliinamisha kichwa mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu.

"Sasa lazima ufike," alininong'oneza, "juu yako nimekosana na watu wote."

Nikamwambia nitafika. Sijui nilikuwa naahidi kwa mamlaka ya nani, lakini nilimwambia nitafika.