Eda ya Mama

Mpaka leo nikipita mtaa ule wa Singida mjini damu inanichemka.

Nililelewa na wanawake wawili. Mmoja nilimwita mama: Mnyaturu wa Ihanja, mdogo wake mama yangu mzazi, aliyefariki akinizaa. Wa pili nilimwita mama mkubwa: chotara, baba yake Mwarabu mwenye duka. Walikaa nyumba moja, wakalala chumba kimoja, wakapika vitumbua vya kuuza. Watu walisema waliyosema. Sisi tulikula tukashiba.

Kwa baba yake, mama mkubwa hakuruhusiwa hata kupanda barazani. Shikamoo yake aliitolea barabarani. Na Mwingereza naye alikuwa na yake. Mama mkubwa alipougua kifua, hospitali ilikuwa na upande wa Waafrika na upande wa wengine. Huku wakasema huyu Mwarabu, kule wakasema huyu mweusi. Jamani, mtu anakohoa damu, wao wanapima rangi! Mama akamrudisha nyumbani, akamuuguza, akamlisha uji kwa kijiko mpaka alipokata roho.

Hapo ndipo ndugu wakapatikana. Kaka yake, wa baba mmoja, alikuja na sanda na "dada yetu, dada yetu" nyingi. Wakamzika vizuri, sikatai. Mama wakamfukuzia jikoni, akapike na wapishi wa msiba. Msiba ulipokwisha, kaka akatuma ujumbe kwamba tuhame, nyumba ni ya marehemu na warithi ni wao. Nyumba iliyojengwa kwa vitumbua vya wote wawili!

Mama, ambaye hakuwahi kusilimu, akajifunga shuka nyeupe, akatandika mkeka chumbani, akakaa eda kama mjane yeyote. Sokoni nikawa naenda mimi. Majirani wa Kiislamu walicheka mwanzoni, halafu wakaanza kumletea chakula.

Kaka akaja kututoa. Alipofika mlango wa chumba akasimama, maana hata yeye, na ujeuri wake wote, asingeweza kuingia chumbani kwa mwanamke aliyekaa eda. Akaniagiza nimuulize mama: hana mume, si Mwislamu, eda anamkalia nani?

Mama akajibu mwenyewe kutoka ndani, bila kupaza sauti.

"Namkalia dada yako. Kama kwenu yupo anayemlilia, mlete akae yeye. Mimi nitatoka leo hii."

Yule bwana alibaki pale mlangoni, kofia mkononi, akiigeuzageuza. Hakuwa na wa kumleta.