Tairi la Tano

Majirani zangu hapa Kisii husema Bi Rukia ana chumvi nyingi. Ni kweli ninayo, na kwenye mambo ya harusi na ya wakwe za watu huwa naimwaga bila kupima. Lakini hili la matairi sijalitia hata chembe, kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na mimba ya miezi saba. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Mume wangu Salim ana duka la nguo mjini. Miaka hiyo, Uhuru ukiwa bado mbichi, alinunua gari, pijo kuukuu la rangi ya maziwa, akalipenda mpaka nikaona wivu. Salim ni mtu mwema, ila mkono wa birika. Alilipaka gari nta kila Ijumaa lakini matairi yalikuwa vipara vitupu, na kila nikisema ananiambia bado yanakwenda. Basi nilipopata uchungu wa mimba yangu ya kwanza, ilikuwa masika, tukiwa njiani kwenda hospitali matairi hayo yakateleza tukaingia mtaroni. Mpaka watu wakaja na kamba, wakatuvuta, mtoto alikuwa keshaondoka. Alikuwa mvulana. Sikuwahi kuisikia sauti yake hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kwa hiyo nilipobeba mimba ya pili nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikamwambia, "Salim, mimi gari hilo sipandi tena mpaka ulibadilishie matairi. Nikishikwa na uchungu nitakwenda kwa miguu, na watu wote wa mji waone."

Akajua sina mzaha. Akaenda dukani kuuliza bei ya mapya, akarudi, akanywa maji vikombe viwili. Siku chache baadaye mteja mmoja akamwambia kwamba kule Nyansiongo, kwenye mashamba waliyoacha wazungu, kuna mtu anauza matairi yaliyokwisha tumika, mazuri, kwa bei ya mtu maskini. Nikasema twende wote. Salim akienda sokoni peke yake huuziwa mpaka hasara za muuzaji.

Tulipofika kule adhuhuri ilikuwa imepita, lakini hungejua. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule mzito wa Nyansiongo unaoingia mpaka kwenye mikono ya nguo. Mikaratusi iliyopandwa na wazungu ilitokea miwili miwili kando ya njia, ikapotea. Ng'ombe tuliwasikia, hatukuwaona. Gari lilikwenda polepole bila kelele, na mimi nikawa kama mtu aliyeamka kidogo tu, anayejua yuko kitandani lakini hataki kufungua macho. Sikuogopa hata kidogo. Hilo ndilo ninalojiuliza mpaka leo, mbona sikuogopa?

Banda lenyewe lilikuwa la kukamulia ng'ombe, refu, la mabati. Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo, koti la mvua limemfika miguuni. Akatuamkia: "Bwakire."

Sasa elewa, baba yangu alikuwa Mwislamu mfanyabiashara, lakini mama yangu ni Mgusii wa Kebirigo. Kigusii nimekinyonya. Bwakire ni salamu ya asubuhi, na hapa saa za asubuhi zilikuwa zimepita kitambo. Nikamjibu kwa ile ya jioni, "Bwairire, mzee," kumsahihisha kwa adabu. Akatabasamu, akarudia, "Bwakire, mama." Wala hakukosea ulimi. Alisema kama mtu ambaye kwake kweli ndiyo kwanza kumekucha.

Ndani kulikuwa na matairi matano tu, yameegemezwa ukutani. Salim akachutama, akaanza kupima meno kwa kidole gumba. Manne yalikuwa ya kawaida, moja kati yake limelika mpaka linang'aa. La tano, loo! Jeusi, meno marefu, utadhani halijawahi kuonja barabara.

Mimi mambo ya meno sikuyajua. Ninachojua ni kununua vyungu, maana mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: chungu hukitazami tu, unakigonga kwa kidole kilichokunjwa, unakitegea sikio. Nikafanya vivyo hivyo. Salim akaanza kucheka, "Bi Rukia, utapika nini humo?" Nikamwambia anyamaze.

Niligonga la kwanza, nikaweka sikio. Nikasikia mvua. Mvua ya mbali, kwenye migomba. Nikadhani ni nje, nikainua kichwa. Nje hakukuwa na mvua. La pili nikasikia kengele za ng'ombe. La tatu lilikuwa na sauti za wanawake wanaotoka sokoni, wanacheka, wanazungumza mambo ambayo sikuyashika. Niamini, sikushtuka. Nilihisi utamu, kama kusimuliwa hadithi ukiwa karibu kulala.

Lile lililolika ndilo lililonitoa machozi. Ndani yake kulikuwa na kichanga kinalia. Kilio kile cha kwanza kabisa, cha hasira, cha mtoto aliyetolewa kwenye joto. Nililikumbatia tairi lile chafu na tumbo langu lile, nikakaa hapo.

Kisha nikagonga la tano. Nikasikia mwanamke anaomboleza. Analia kama wanavyolia watu kaburini, anaita jina, jina lenyewe likimezwa na kwikwi nisilishike. Na sauti ile, wallahi, ilikuwa yangu. Mtu anaijua sauti yake. Nilijisikia mwenyewe nikimlilia mtu.

Nikarudi nyuma nikasema, "Tunachukua haya manne. Hili la tano hapana."

"Hilo zuri ndilo uache, uchukue kipara?" Salim akashangaa. "Una wazimu?"

"Ninao. Lipa twende."

Yule muuzaji alikuwa ananitazama kwa upole, kama anayenionea huruma. "Mama huyu anajua kununua," alisema. Nikaenda kukaa kando ya lango huku wakiyafunga matairi. Nilisinzia. Salim aliponiamsha, yule mtu hakuonekana tena, na ukungu ulikuwa umefunga hata banda.

Nisichokijua wakati huo ni kwamba nilipotoka, mtu yule alimwambia Salim, "La tano lichukue bure, liwe la akiba." Bure! Na Salim wangu namjua. Mwambie Salim bure, atabeba hata jeneza. Akalitia nyuma ya gari, akalifunika kwa gunia, hakuniambia neno.

Mimba ilipokomaa nilikwenda Kebirigo kukaa kwa mama, na uchungu ukanishika huko. Salim akaja mbio kunichukua kunipeleka hospitali ya misheni. Njiani mawe ya mvua yakaanza kumwagika, barabara ikawa nyeupe, nikaziba masikio. Gari halikuteleza hata kidogo. Nilianza kumshukuru Mungu, na hapo hapo tukasikia mlipuko. Tairi la nyuma. Lile la kichanga.

"Si nilikuambia!" Salim alipiga usukani. "Si nilikuambia kipara hicho!" Akaruka nje, akafungua nyuma ya gari. Nikasikia gunia likivutwa, kisha kitu kizito kikaanguka barabarani na kubingirika kidogo. Na sauti yangu ikalia nje ya gari. Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa, haki ya Mungu, lakini sauti yangu ilikuwa nje inaomboleza. Papo hapo mtoto tumboni akatulia kama jiwe. Alikuwa anapiga mateke tangu asubuhi.

"Lirudishe ndani!" nikapiga kelele. "Salim, lisibingirike!"

Alikuja dirishani, mvua inamchuruzika, jeki mkononi. "Rukia, tulia. Ni dakika chache tu, nalifunga, tunakwenda."

"Ndani yake naomboleza. Ni mimi yule, Salim. Namlilia huyu." Nikamshika mkono nikauweka tumboni. "Sikia. Hachezi."

Aliuacha mkono pale. Sijui aliwaza nini. Najua alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu akiambiwa maneno kama hayo, tena na mke aliye katika uchungu, anajua ni homa. Lakini pia alikumbuka mtaro ule wa mwanzo, na mimi nilivyomwambia juu ya matairi na yeye asisikie. Akaenda, akalinyanyua tairi kwa mikono miwili bila kuliviringisha, akalirudisha ndani ya gari. Hata kabla hajaketi, nikapigwa teke la ubavuni mpaka nikacheka kwa maumivu.

Tuliendesha kwa tairi lililopasuka. Gari alilolipaka nta kila Ijumaa! Tairi likatafunika, vipande vikabaki njiani, rimu ikaanza kusaga mawe na kutoa cheche, na Salim analia huku anaendesha, sijui analilia gari ama mimi. Tulipofika langoni kwa masista hakukuwa na tairi tena. Nikajifungua muda mfupi baadaye. Mtoto akatoka akalia, na kilio kile nilikuwa nimekwisha kukisikia, kile kile kabisa. Kilio cha hasira. Tukamwita Zena.

Arubaini ilipopita nilimwambia Salim alirudishe tairi lile alikolitoa. Akaenda. Anasema banda alilikuta, lakini halikuwa na bati hata moja, na majani yalikuwa yameota ndani mpaka kiunoni. Mwenye shamba mpya alimwambia tangu mzungu ahame hapajauzwa kitu hapo, si matairi, si maziwa. Salim akataka kuliacha tairi majanini akimbie. Watoto wa pale wakaliona, na mtoto akiona tairi atafanya nini? Wakaanza kuliendesha kwa fimbo mteremkoni. Hapo ndipo Salim aliposikia kwa masikio yake mwenyewe mkewe akiomboleza shambani kwa watu. Akawakimbilia, akajitupa juu ya tairi kama kipa.

Saa hizo mimi nilikuwa Kisii, ninamnyonyesha Zena. Aliachia ziwa, macho yakageuka, akawa wa buluu. Nilimtikisa, nikampulizia, nikaita majirani. Kisha akavuta pumzi ghafla na kuendelea kunyonya kana kwamba hakuna lililotokea. Salim aliporudi amelikumbatia tairi lile kifuani, alinisimulia yote.

Tangu siku hiyo liko stoo kwangu. Kulichoma naogopa, kuliuza siwezi, kulizika ndiyo kabisa, nani azike sauti yake? Nimelilaza chini, nikalijaza mawe, nikalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Salim hanitanii tena juu ya vyungu, na siku hizi hununua matairi mapya, bei yoyote, bila kunung'unika. Nawe unayezunguka kutafuta ya bei nafuu, sikukatazi, maisha ni magumu. Ila usitazame meno tu. Gonga, utege sikio. Ukisikia humo sauti unayoijua, liache lilipo na uondoke, hata ukipewa bure. Hasa ukipewa bure.

Nilidhani mambo yamekwisha. Zena alikua vizuri, mkorofi, mwenye mdomo kama mimi. Alipofika umri wa kwenda shule, alasiri moja nilikuwa jikoni nachambua mchele, kimya, sijafungua kinywa. Nikasikia miguu midogo inakimbia kutoka upande wa stoo. Akatokea mlangoni, vumbi la mpira limemkaa shavuni na sikioni, anahema.

"Abee, mama! Umeniita?"

Mchele ulinimwagika wote. Nilimuuliza alisikia nini. Akaniambia nilikuwa namwita jina lake, Zena, Zena, tena nalia, ndiyo maana amekuja mbio.

Stoo nimeitia kufuli. Na nyumbani kwangu hatuitani tena kwa sauti. Nikimtaka binti yangu nainuka, nakwenda alipo, namshika bega. Wageni huona tuna majivuno. Waone tu. Ni mimi niliyemketisha kitandani siku ile nikamwambia kwa mdomo wangu, na yeye ananitazama bila kuelewa: mwanangu, ukisikia mama anakuita, usiitikie.