Kichuguu cha Admini

Baba yangu alitolewa grupuni kwa sababu ya maua.

Nianze hapo, maana watu wakisikia kwamba wazee wawili wa Ganako walinuniana miaka miwili, wanadhani ni mpaka wa shamba, au ng'ombe aliyekula mahindi ya mtu, au mambo ya ujanani. Hapana. Ni maua. Waridi lenye umande, limeandikwa "Asubuhi njema, Mungu akutangulie", alfajiri, kila siku ya Mungu. Baada ya waridi, onyo kuhusu kunywa maji ya baridi. Baada ya onyo, dawa ya kitunguu saumu inayotibu kila kitu, kuanzia presha hadi uvivu wa watoto. Baba alipopata simu janja, alimchukulia kila mtu aliyemo humo kama mgeni aliyefika nyumbani kwake: haondoki bila kupewa kitu.

Grupu lilikuwa la wazee wa kanisa, na admini wake alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, rafiki wa baba tangu wakichunga ndama pamoja. Alimwonya baba kwa upole. Akamwonya tena kwa herufi kubwa. Asubuhi moja baba akatuma waridi pamoja na video ya mtu anayelia kwa kutafuna tangawizi, na wakati wa chai akarudi na simu inayosema kwamba ametolewa. Akaisoma. Akanipa na mimi niisome, labda akitumaini kwamba macho yangu yatakuta maneno mengine.

"Umetolewa, baba," nikasema.

"Nimetolewa na nani?"

"Na admini."

Mama, aliyekuwa akipepeta mahindi, alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na kuanzia siku hiyo jirani akawa Mheshimiwa Admini. Baba hakucheka. Alitangaza kwamba hakuna mguu wa nyumba hii utakaokanyaga shamba la yule mtu, na kanisani akahamia benchi la upande wa kwaya. Nilimwonea huruma kweli, na wakati huohuo nilikuwa nimeng'ata kanga nisicheke mbele yake.

Sasa, shida ya nyumbani kwetu ni kwamba tuko nyuma ya kilima na mtandao hauingii. Simu ya kawaida inaita kama umeining'iniza kwenye msumari wa dirisha la sebuleni, na lazima uongee umesimama hapohapo, shavu kwenye nondo. Intaneti, hakuna kabisa. Hata hivyo baba alikuwa akitoka alfajiri na kurudi wakati wa chai na habari zote: nani kafiwa Mbulu, nani kapata mjukuu Dodoma, bei ya ngwara Arusha imepanda au imeshuka. Tukimuuliza mtandao anaupata wapi, anajibu, "Natembeatembea tu. Ninyi hamtembei." Mimi niko mapokezi katika lodge moja ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, mahali ambapo mgeni akikosa intaneti kidogo tu anakuja kaunta na uso wa mtu aliyeibiwa mtoto. Kwa hiyo nilimheshimu sana baba kwa kuupata bure.

Mwaka wa pili wa kununiana huko, wageni walipopungua, karibu na mvua za vuli, nilikuja nyumbani likizo na kukuta ngwara bado ziko shambani. Ngwara ni jamii ya maharage, nyeusi, zina mstari mweupe, na ndizo zilizotusomesha sisi sote. Zikikauka unazing'oa, unazirundika juu ya turubai, unazipiga kwa fimbo mpaka zipukuchike. Mvua ikizikuta zimekauka hivyo, zinaota ukungu na hakuna mnunuzi atakayezigusa. Na kila alasiri mlima Oldeani ulikuwa unajifunika wingu. Jasho la mwaka mzima lilikuwa linangoja mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya baba, ambaye pumzi ilimpungua tangu alipougua mapafu, ya mama, na hii yangu iliyozoea kugawa funguo za vyumba.

Kwetu mtu akizidiwa na kazi huita watu. Zamani baba alizunguka nyumba kwa nyumba, anakunywa togwa hapa, anamwona mgonjwa pale, na siku ikifika watu wanakuja na fimbo zao. Mwenye shamba anapika, hakuna anayelipwa, na zamu yako nawe itafika. Lakini majirani wote walikuwa wanahangaika na ngwara zao wenyewe. Nikamshauri tuwaite vijana wa kwaya kutoka Karatu mjini, na wenzangu wa lodge waliokuwa wamekaa bure.

"Hawapajui kwetu," akasema.

Nikamfundisha kutuma lokesheni. Bonyeza hapa, halafu hapa, halafu tuma mahali ulipo.

"Yaani mtu anafika mpaka mlangoni bila kuuliza njia?"

"Bila kuuliza, baba."

"Bila kufukuzwa na mbwa wa watu!"

Sijawahi kumwona akifurahi namna ile. Alisema wazee wake walimaliza soli za viatu bure kabisa. Kesho yake alfajiri akatoka na namba zote nilizompa, na wakati wa chai akarudi ameshatuma. Alinionyesha mwaliko wenyewe, mrefu, una mstari wa Biblia. Chini yake lokesheni. Chini ya lokesheni, waridi.

Jumamosi ilipofika, mama alikuwa na masufuria mawili makubwa ya makande jikoni na ndoo ya togwa. Baba alivaa kofia yake ya harusi akasimama njiani. Jua likapanda. Njiani akapita mbuzi, akapita mwendesha bodaboda aliyepotea, na hakuna mwingine. Makande yakaiva, yakaanza kushika chini. Kule Oldeani wingu likaja mapema kuliko siku zote.

Baba akarudi uani, akavua kofia. "Labda hawa nao nimewachosha," akasema.

Hapo hamu yote ya kucheka iliniisha. Ningeweza kwenda mjini kuwavuta wale watu masikio, mmoja mmoja.

Simu ikaita dirishani. Alikuwa dada yangu, anayeishi Dar es Salaam, amekasirika.

"Kwa nini mmenificha?"

"Tumekuficha nini?"

"Kwamba mmepatana na Admini! Nawaona hapa laivu, watu kibao wanapiga ngwara zake!"

Nikabana shavu kwenye nondo nimsikie vizuri. Alikuwa anamtazama mlinzi wa lodge yetu, Mmasai kutoka Malambo, ambaye ana wafuasi wengi kuliko lodge yenyewe na huenda laivu hata akinyoa ndevu.

"Nyuma yake kuna nini?" nikauliza.

"Nyumba ya bati jekundu. Kichuguu kikubwa. Juu ya kichuguu kuna wanakwaya wanapiga picha. Mama yuko wapi, mbona simwoni?"

Mama alikuwa jikoni, anakoroga makande ya watu ambao dada yangu, kutoka Dar es Salaam, alikuwa anawaona na sisi hatuwaoni, na kati yetu na wao palikuwa na kilima kimoja na korongo moja.

Nikageuka. "Baba, ile lokesheni uliituma ukiwa wapi?"

Baba akaikagua kofia yake. "Pale kwenye mtandao."

"Pale wapi?"

"Pale juu."

Mama alielewa kabla yangu. "Juu ya kichuguu cha Mheshimiwa!" akapiga ukelele. Miaka miwili alitukataza sisi hata kuokota kuni upande ule, kumbe yeye kila alfajiri anavuka korongo na kupanda kichuguu cha adui yake kutafuta mtandao! Mama aliketi chini palepale, mwiko mkononi, anacheka na kujifuta machozi kwa upande wa kanga. Baba yeye alikuwa ameshaanza kukimbia.

Nikamfuata. Kilichonishangaza ni njia. Ndani ya lile korongo kulikuwa na njia safi, imelainika, ambayo sikuwahi kuijua, na ilikuwa imekanyagwa na miguu ya mtu mmoja tu.

Tulipotokea upande wa pili, shamba la Admini lilikuwa limekaribia kwisha. Kwaya inaimba, fimbo zinashuka kwa pamoja, vumbi limesimama. Mmasai wetu alikuwa amefunga shuka kiunoni, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unapiga ngwara kama anaua nyoka. Kijana mmoja wa kwaya, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa anapajua kwetu vizuri kabisa. "Nilishangaa kidogo," alinieleza baadaye, "lakini lokesheni haidanganyi."

Mheshimiwa Admini mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake ya kutembelea, maana nyonga ilikuwa inamsumbua na watoto wake wote wako mbali. Alikuwa analia waziwazi. Aliamini ni watoto wake waliomtumia watu. Alikuwa ameshawapigia simu wote kuwashukuru, na kila mmoja alipomwambia hajui lolote, alizidi kuwasifu kwa unyenyekevu wao.

"Basi nani kawatuma?" aliuliza kwa mara nyingine.

"Mzee huyu hapa," akasema yule kijana wa kwaya, akimwonyesha baba.

Kwaya ikanyamaza. Fimbo zikasimama. Mmasai peke yake ndiye aliyeendelea kuongea, anawanong'oneza watazamaji wake, "Msiondoke, hapa kuna jambo."

Baba alikuwa anahema. Nilimwona anayatazama yale magunia yaliyojaa, halafu wingu, halafu nyonga ya mwenzake. Ningekuwa mimi, ningepiga kelele: jamani, mmekosea, njooni upesi, zetu zinaoza! Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Saita," akasema baba, kwa salamu ya nyumbani.

"Saita," akajibu Admini. "Ni wewe umewatuma?"

"Ni mimi."

Na hakusema uongo hata kidogo.

Admini akamtazama. Akawatazama watu. Akakitazama kichuguu. Halafu tumbo likaanza kumtikisika, akashika fimbo yake kwa mikono miwili asianguke kwa kicheko.

"Uliituma ukiwa pale juu!"

"Kwangu hakuna mtandao," akasema baba, kwa heshima zote.

"Na ngwara zako?"

"Ziko shambani."

Nilichosikia baada ya hapo ni sauti ya admini halisi. "Wote! Fimbo na turubai, vukeni korongo! Hamlioni wingu?" Akafunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni kwa ajili ya magunia. Tukateremka kundi zima, tunaanguka, tunacheka, kwaya inaimba wimbo wa Pasaka bila sababu yoyote. Mmasai aliniambia kwamba kwao watu hawapigi mimea, lakini sasa ameshaonja na haachi. Makande tulikula tumesimama, kwa mikono, na yale yaliyoungua ndiyo yaliyogombewa. Laivu ilikatikia korongoni, na dada yangu, aliyekuwa ametoroka kikao cha kazini, akawa anapiga simu dirishani kwamba tuharakishe, ameiona mvua nyuma yetu.

Mvua ilitupata. Rundo la mwisho lililowa, na siku kadhaa zilizofuata tulilala na ngwara zimetandazwa sebuleni, vyumbani, hadi sebuleni kwa Admini. Lakini magunia mengi yalikuwa ndani, makavu. Watu walijibana barazani na jikoni kungoja mvua ikatike, na Mheshimiwa Admini akakaa kwenye kiti chake cha zamani, kile ambacho kwa miaka miwili hakikukaliwa na mtu.

Mama si mtu wa kuacha jambo lipite. Alimpa togwa, akauliza, "Shemeji, ulikuwa unajua kwamba huyu bwana anapanda kichuguu chako?"

"Nijue vipi nisijue? Ninamwona kutoka mlangoni kwangu." Akanywa. "Mwenye trekta alitaka kukisawazisha. Akaniuliza mchwa wana faida gani kwangu. Nikamwambia zunguka, hicho kiache."

Baba alikuwa anazungusha kofia yake magotini.

"Yale maua yalinichosha, mzee mwenzangu, sikufichi," Admini akaendelea. "Simu inalia kabla ya jogoo. Lakini nilipokutoa, asubuhi nikakuta sijui kama umeamka. Nikawa natoka mlangoni kukutazama pale juu. Nikikuona, nakunywa chai. Wiki ile uliyolazwa sikuiona hiyo chai."

Mama alijifanya anatafuta kikombe. Mimi nililia, wala sikujificha.

Baba alirudishwa grupuni siku hiyohiyo, kwa masharti: waridi moja kwa wiki, na tangawizi marufuku. Aliyakubali yote.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Baba akatoka alfajiri kama kawaida yake, na mimi nikamnyatia nyuma kwa udaku tu, nione anavyoutafuta mtandao. Nilisimama kwenye ukingo wa korongo. Alipanda kichuguu taratibu, akivuta pumzi, akafika juu, akanyanyua mkono mtupu hewani. Kule kwenye bati jekundu mlango ukafunguka, na mtu akanyanyua fimbo yake ya kutembelea. Wakakaa hivyo kidogo, halafu yule akaingia ndani kunywa chai.

Niliporudi nyumbani nikaikuta simu ya baba dirishani, imening'inia kwenye msumari.