Samansi ya Anatoli

Huyu anayejifunza kupeleka samansi anaingia kijijini Bukiriro kofia upande, kama barabara kaachiwa na baba yake, mkono haumtoki mfukoni kwenye karatasi. Hakimu kamwambia: ukimkabidhi Anatoli, nakuapisha, ukishindwa, rudi kwenye jembe. Kila akifika, mke wa Anatoli anasema, "Mume wangu kaenda vitani," na vita vyenyewe vinakohoa migombani. Leo kaletewa pombe, kausukuma mrija kando.

"Mama, mgeni anywe kabla mwenye mji hajaonja? Watasema mmeniwekea sumu!"

Aibu hiyo nani ataibeba? Anatoli akatoka ananung'unika, akaonja. Alipokuwa anapangusa mdomo kwa mkono mmoja, ule mwingine ulishashikishwa karatasi.

"Shikamoo, mzee. Pole na vita."